Kocha Aende! Sawa, Lakini Mnamkumbuka Kimanzi?

Senegal walipotupiga 8-0 Novemba 2025, grupu yetu ya WhatsApp hapa Nakuru haikungoja refa apulize filimbi ya mwisho. Mechi ikiwa bado inaendelea, msee mmoja wa Section 58 aliandika maneno mawili tu: "McCarthy aende." Baada ya hapo zikamiminika stika za jeneza, memes, na majina ya kila kocha ambaye amewahi kupita Kenya. Mmoja anamtaka Mulee arudi. Mwingine anataka Mzungu. Kuna hata aliyejipendekeza mwenyewe, na kusema ukweli alipata kura nyingi.

Haohao wasee, mwezi wa Agosti, walikuwa wamemweka Benni kwenye profaili zao. CHAN ilikuwa imekuja nyumbani, tukawafunga DR Congo, Morocco na Zambia pale Kasarani, tukatolewa na Madagascar kwa penalti kwenye robo fainali, na hakuna aliyelalamika sana. Miezi mitatu tu baadaye, mtu amekuwa takataka.

Sijaandika hii kumtetea Benni McCarthy. 8-0 ni 8-0 hata kama ni mechi ya kirafiki, na ile 3-1 tuliyopigwa na Gambia hapohapo Kasarani mwezi wa Septemba iliniuma zaidi, kwa sababu ilikuwa mchujo wa Kombe la Dunia na uwanja ulikuwa wetu. Ninachotaka ni turudi nyuma kidogo. Hii kelele ya "kocha aende" si ngeni Kenya, tumeipiga mara nyingi, na rekodi ya kilichofuata iko wazi kwa yeyote anayetaka kuiangalia. Shida ni kwamba hakuna anayeiangalia.

Wacha nianze na 2008, kwa sababu wengi wenu mlikuwa bado mnavaa nepi.

Francis Kimanzi ni kocha wetu wa hapa nyumbani, mtu wa Mathare United. Alipoishika Harambee Stars 2008, nchi ilikuwa inatoka kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, na sisi watu wa Nakuru hatuhitaji kukumbushwa Januari ile ilikuwaje. Kisha timu ikaanza kushinda. Guinea walikuja Nairobi wakapigwa. Zimbabwe wakapigwa. Namibia wakapigwa. Dennis Oliech yuko juu, McDonald Mariga kati, Musa Otieno nyuma. Tukavuka kwenda hatua ya mwisho ya mchujo wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Desemba 2008 Kenya ikawa namba 68 kwenye orodha ya FIFA. Hiyo namba hatujaifikia tena mpaka leo.

Mwanzo wa 2009 Kimanzi akaachishwa kazi.

Soma tena hiyo sentensi. Kocha ambaye timu yake imefika juu kuliko wakati wowote katika historia ya nchi aliondolewa kabla ya hatua aliyoifuzia kuanza. Akaletwa Mjerumani, Antoine Hey. Kundi letu lilikuwa na Nigeria, Tunisia na Msumbiji. Sasa shika hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu inayoniuma: mchujo huo ulikuwa pia wa AFCON ya Angola 2010, na kati ya timu 4 za kila kundi, 3 zilikuwa zinaenda Angola. Hukuhitaji kuwa mzuri. Ulihitaji tu usiwe wa mwisho.

Tulikuwa wa mwisho. Mechi 6, tukashinda moja dhidi ya Msumbiji, tukapoteza 5. Msumbiji ndio wakaenda Angola. Hey mwenyewe hakumaliza kampeni. Mechi ya mwisho na Nigeria, Novemba 2009, benchi lilikuwa na Twahir Muhiddin, tukafungwa 3-2, Nigeria wakafuzu Kombe la Dunia wakiwa kwenye nyasi zetu.

Unaweza kuniambia kwamba hata Kimanzi angepigwa na Nigeria. Inawezekana kabisa. Lakini kuwa wa mwisho nyuma ya Msumbiji, na kikosi kile? Siamini.

Ingekuwa ni mara moja tungesema ni bahati mbaya. Tatizo ni kwamba Kimanzi alirudi, na ikatokea tena. Agosti 2019, baada ya Sébastien Migné kuondoka, alipewa timu. Novemba hiyo akaenda Misri, kwao, akatoka na 1-1, bao la Olunga. Akadroo na Togo pia. Kisha Covid ikafunga kila kitu. Oktoba 2020 mpira uliporudi, Kenya ikaifunga Zambia 2-1 Nyayo kwenye mechi ya kirafiki. Hazikupita wiki mbili, tukasikia kocha na FKF wamekubaliana kuachana. Mechi mbili za kufuzu dhidi ya Comoros zilikuwa zimebaki wiki chache tu.

Jacob "Ghost" Mulee akaingia. Sasa Ghost ninamheshimu, na si kwa sababu ya redio. Ndiye aliyetupeleka AFCON 2004 Tunisia na kutupatia ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye mashindano hayo, 3-0 dhidi ya Burkina Faso. Lakini alipewa timu Oktoba, Comoros wanakuja Novemba. Tukadroo 1-1 Nairobi, tukaenda kwao tukapigwa 2-1. Comoros, visiwa vyenye watu wachache kuliko kaunti nyingi za hapa Kenya, wakafuzu AFCON kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Sisi tukabaki nyumbani.

Kocha yuleyule, mara mbili, ameondolewa katikati ya safari. Mara mbili mwingine akapewa gari likiwa linakimbia barabarani. Mara mbili tukakosa AFCON.

Na hapo sijagusa doo. Adel Amrouche alitupatia Kombe la Cecafa Desemba 2013, tukiwafunga Sudan 2-0 Nairobi, Allan Wanga mabao yote mawili. Agosti 2014 Lesotho wakatutoa kwenye mchujo wa AFCON. Nchi nzima ikapiga kelele aende, na mara hii nchi ilikuwa na sababu, maana kutolewa na Lesotho ni aibu hata ukiieleza polepole. FKF ikamfukuza. Yeye akaenda FIFA na mkataba wake mkononi. Kesi ilipoisha, federesheni ilikuwa inadaiwa zaidi ya Sh100 milioni. Aliyemrithi, Bobby Williamson, naye akaondolewa 2016, akaenda kortini hapa Kenya, akapewa Sh55 milioni. Jumlisha mwenyewe. Ni mpira wangapi hizo, ni nyasi za viwanja vingapi Bondeni na Kivumbini?

Mkataba ndio kitu ambacho kwenye grupu hakuna anayeutaja. Tunapiga kelele kana kwamba kumfukuza kocha ni kama kumblock ex. Hapana, msee. Huyu ex ana wakili.

Sasa najua kuna mtu wa K'Ogalo anasoma hii akiwa amekunja uso. Ananiambia: "Lakini Gor tunafukuza makocha kila mwaka na tunabeba ligi." Na ana pointi. Hii ndiyo sehemu ya historia inayofanya mjadala uwe mtamu, kwa hivyo tuipe nafasi.

2012 Gor Mahia walianza msimu vibaya. Akaja Mkroatia, Zdravko Logarušić. Loga alikuwa mtu wa kelele, anagombana na kila mtu, lakini timu ikaamka. Siku ya mwisho ya ligi Gor walihitaji kuwafunga Thika United wawe mabingwa. Wakadroo 1-1, Tusker wakachukua. Uliza shabiki yeyote wa Gor mwenye miaka thelathini na kitu kuhusu siku hiyo uone atakavyonyamaza. Katikati ya msimu wa 2013 wakaachana na Loga. Akaingia Williamson, huyohuyo, na Gor wakabeba ligi, ya kwanza tangu 1995. Miaka 18!

Basi ile ligi ni ya nani, Loga au Williamson? Mimi nasema ni ya Loga kwa asilimia kubwa, na nimeshagombana na mjomba wangu kwa hili. Yeye anasema kombe ni la aliyeliinua. Lakini tazama kilichofuata. Williamson anaenda Harambee Stars 2014, msaidizi wake Frank Nuttall anashika, ligi. 2015 Nuttall anamaliza msimu bila kupoteza hata mechi moja ya ligi. Msimu uliofuata hata haujakolea, Nuttall hayupo. Anakuja Mbrazili Zé Maria, anakosa ligi 2016, anaondoka mapema 2017. Dylan Kerr, ligi 2017 na 2018. Hassan Oktay, ligi na robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2019. Steven Polack, ligi tena 2020. Ukihesabu kuanzia Loga ni makocha 7 na mataji 7 kati ya 2013 na 2020.

Kwa hivyo kufukuza kunafanya kazi? Ngoja kwanza. Uliza ni nini hakikubadilika. Godfrey Walusimbi alikuwa pale kushoto, kocha akija, kocha akienda. Harun Shakava alikuwa nyuma. Nuttall alikuwa tayari ndani ya nyumba kabla ya kuwa bosi. Kikosi kilikuwa kinarithiwa. Na kulikuwa na mdhamini. SportPesa ilipojiondoa Agosti 2019 kwa sababu ya ule ugomvi wa kodi na leseni za kamari, Gor walibeba ligi moja zaidi, iliyokatizwa na Covid, kisha makocha wakaendelea kubadilishwa vilevile lakini misimu miwili iliyofuata ligi haikuja. 2021 na 2022 ni Tusker, chini ya Robert Matano. Mtindo wa Gor haukubadilika. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa chini ya kocha.

AFC Leopards sitawasema sana kwa sababu babangu ni Ingwe na ninaishi kwake. Nitasema tu kwamba wamekuwa na Waholanzi, Wabelgiji, Mromania, Muajentina, Mserbia, Mnyarwanda na Mcheki, na ligi yao ya mwisho ni ya 1998.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Nakuru tuna jibu letu na tumelisahau. Kwanza mjue kwamba ligi ya kwanza ya taifa Kenya, 1963, mwaka wa uhuru, ilibebwa na Nakuru AllStars. Si Nairobi, si Mombasa. Ni sisi. Jina hilo lilirudi ligi kuu 2015 na likashuka msimu uleule, kwa hivyo tusijigambe sana. Lakini timu ninayotaka muitazame ni Ulinzi Stars.

Kwa miaka mingi Ulinzi walikuwa wa Afraha. Timu ya jeshi, wachezaji wanajeshi, mashabiki wachache, na kelele kidogo sana. Ligi 2003, 2004, 2005 mfululizo, kisha 2010. Mataji manne. Kwenye benchi, wengi walikuwa makocha wa hapahapa Kenya, baadhi yao watu wa jeshi lenyewe. Hakuna Mkroatia wa kutupa chupa. Ulinzi walipopoteza, hakuna aliyesimama kwenye geti la Afraha kuimba kocha aende, na si kwa sababu watu wa Nakuru ni wapole (njooni stage ya matatu mjionee). Ni kwamba mchezaji wa Ulinzi alikuwa na mshahara mwisho wa mwezi. Hagomi mazoezi. Hadai miezi minne. Kocha anaamka asubuhi akijua kikosi chake kitafika uwanjani. Kazi yake ilikuwa mpira tu.

Linganisha na klabu ambazo kila mwaka tunasoma wachezaji wamegoma. Kocha gani atafundisha mtu ambaye amefungiwa nyumba na landlord? Unaweza kumleta Guardiola, na yeye pia ataangalia viti vitupu saa tatu asubuhi.

Na msifikirie hii ni hadithi ya zamani tu. Msimu wa 2024/25 Kenya Police walibadilisha kocha ligi ikiwa imeshaanza, wakamleta Etienne Ndayiragije kutoka Burundi, na wakabeba taji lao la kwanza. Tena timu ya watu wenye kazi ya kudumu. Mabadiliko yalifanya kazi kwa sababu nyumba ilikuwa na msingi, wakabadilisha dereva bila kugusa injini. Ndiyo kwa maana hiyo sisemi kocha asifukuzwe kamwe. Tunaangalia mahali pasipo. Jina la kocha linaonekana kwenye TV, jina la anayechelewesha mishahara halionekani, basi tunampigia kelele yule tunayemwona.

Kuna kitu kingine, na hapa lawama ni ya Jumamosi zetu. Tumejifunza ushabiki kutoka Uingereza. Tangu Ferguson astaafu 2013, Manchester United wamempa Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Ten Hag, na kila mara sisi Langa Langa na Free Area tulikuwa tunapiga kura kana kwamba tuna hisa. Arsenal nao waliimba Wenger aende miaka na miaka, na alipoenda 2018 wakamfukuza Emery mwaka mmoja na nusu baadaye. Arteta alimaliza nafasi ya nane mara mbili mfululizo na akaachwa. Sasa hivi nionyeshe shabiki wa Arsenal anayekiri kwamba 2021 alimtaka aende. Wote wanasema waliamini! Lakini United wakimfukuza kocha wanamlipa kesho yake na maisha yanaendelea. Sisi tumechukua kelele zao bila akaunti yao ya benki.

Wakati huohuo, hapa Rift kwetu tuna mfano wa kinyume, ni vile tu si mpira. Brother Colm O'Connell amekaa Iten tangu 1976. Alikuja kufundisha jiografia St. Patrick's, akaishia kumlea David Rudisha. Hakuna aliyewahi kuandika "Colm aende" kwa sababu mkimbiaji mmoja alikosa medali. Riadha ina shida zake nyingi, sitaki kuzipaka rangi, lakini kule watu wanaelewa kwamba mwanariadha huchukua miaka.

Tuna AFCON 2027, sisi na Uganda na Tanzania. Kwa sababu ni wenyeji, tumeshafuzu, yaani hakuna mechi ya Comoros ya kutuumbua kabla. Hiyo ni zawadi ambayo Kimanzi hakuwahi kuipata: muda. Tunaweza kuutumia kujenga timu, au tunaweza kufanya ile kitu yetu, tufukuze mtu miezi michache kabla, tumpe mwingine gari likiwa barabarani, halafu tukae Kasarani na vuvuzela tukishangaa.

So ukiniuliza kama kocha wa Harambee Stars aende, jibu langu ni hapana, na litabaki hapana mpaka mtu aniambie vitu vitatu: mkataba wake unasema nini akifukuzwa, anayekuja ni nani kwa jina, na atakuwa na mechi ngapi kabla ya mashindano. Ukiweza kujibu vyote vitatu, njoo tuongee, na naweza hata kukubaliana na wewe. Ukiwa na stika ya jeneza tu, weka simu chini ukale chapo.

Wa Gor na Ingwe, nyinyi tutaongea siku ya derby. Na babangu asiione hii.